Sabuni inakula mikono: lakini nani hasa anayekula?

Kuna mama mmoja anatufulia nguo hapa mtaani, Wakenya wangemwita mama fua, na kwa wiki kama tatu hivi nilikuwa namwona anafua huku mkono wa kulia anaukwepesha, nguo nzito anaisukuma kwa kiganja badala ya kuikamua. Siku moja nikamwomba anioneshe. Kati ya vidole, pale ngozi inapokutana, palikuwa pamepasuka vimistari vimistari kama udongo uliokauka juani, chini ya pete kulikuwa na duara jeusi limekakamaa, na ncha za vidole zimekuwa laini zinang'aa mpaka ile michirizi ya alama za vidole imefifia. Akaniambia alipoenda kusajili laini ya simu mashine ilimkataa mara nne, yule kijana akamfuta kidole na kitambaa, akamwambia bonyeza tena mama, wapi.

Famasi walimwambia ni aleji ya sabuni. Jirani akamwambia ni fangasi. Shemeji yake akasema kuna mtu kamfanyia kitu. Kwa hiyo keshabadilisha sabuni tano, keshapaka dawa ya fangasi, keshapaka tyubu moja ya bei rahisi yenye dawa tatu ndani yake, na mikono iko vile vile. Nimeamua kuandika haya kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine wengi ninaowaona na mikono kama ile, wasusi, wauguzi, mama lishe, mafundi wa zege, vijana wa kuosha magari, kwa sababu maelezo yapo na yanaeleweka kabisa, ila yanapitia kwenye kitu ambacho watu hawakisikii kikitajwa sana, yaani vimeng'enya vya ngozi.

Tuweke majina sawa kwanza

Damataitisi ni ngozi kuvimba na kuwaka, basi. Ikiletwa na kitu ulichokigusa inaitwa damataitisi ya mguso, na hiyo iko ya namna mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ndo aleji yenyewe: kinga ya mwili ilishakutana na kitu fulani, labda nikeli ya kwenye hereni au rangi nyeusi ya nywele, ikakikariri kuwa ni adui, na kuanzia hapo kikigusa hata kidogo tu, baada ya siku moja au mbili ngozi inaumuka. Bila kukariri hakuna aleji. Ya pili haihitaji kukariri chochote. Kitu chenyewe ni kikali, au si kikali sana ila kimegusa ngozi mara nyingi mno bila kuipa nafasi, na ngozi inaumia. Inaweza kumpata yeyote, mimi, wewe, mtoto mchanga. Madaktari wa ngozi wanakadiria hii ya pili ndo karibu asilimia 80 ya damataitisi zote za mguso, kwa hiyo mtu akikwambia una aleji ya sabuni bila hata kukuuliza unafua saa ngapi kwa siku, uwezekano mkubwa hajafika kwenye tatizo lako.

Kwa Kiswahili hii ya pili haina jina moja. Wengine wanasema mikono imebabuka, wengine ukurutu, na wengi wanasema sabuni imenila mikono. Hili la mwisho mimi nalipenda kwa sababu lina swali ndani yake: nani anayekula? Sabuni ina makosa yake tena makubwa, lakini sehemu kubwa ya kule kula inafanywa na ngozi yenyewe, kwa vifaa vyake yenyewe, baada ya sabuni kuvivuruga.

Hivyo vifaa ndo vimeng'enya. Kama ulishawahi kutafuna kipande cha muhogo au ugali mkavu kwa muda mrefu bila kumeza utakumbuka kinaanza kuwa kitamu, ni kwa sababu mate yana kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Kama ulishawahi kupaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki ukaiacha, ukakuta imelainika mpaka inaachia, ni kimeng'enya cha papai kimekatakata protini za nyama. Kimeng'enya ni protini yenye kazi moja maalumu, kukata kitu fulani au kuunganisha kitu fulani, na kinaifanya kazi hiyo maelfu ya mara bila chenyewe kuisha. Ila kina masharti. Joto likizidi kinaharibika, maji yakikosekana kinasimama, na uchachu wa mahali kilipo ukibadilika kinaweza kulala au kinaweza kuchachamaa. Hilo la uchachu lishike, tutalirudia.

Paa la makuti

Ngozi ya juu kabisa, ile unayoigusa ukijipapasa, ni seli zilizokufa. Watu wakisikia hivyo wanaidharau, wanaisugua kwa dodoki na jiwe kama uchafu, kumbe ndo inayozuia maji ya mwilini yasitoke na ya nje yasiingie. Ifikirie kama paa la makuti. Makuti nayo yamekufa, yamekauka, lakini yakipangwa tabaka juu ya tabaka na kufungwa vizuri mvua haiingii. Kwenye sehemu nyingi za mwili paa hili lina tabaka kama 15 hadi 20, na unene wake wote ni kama sehemu 2 ya 100 ya milimita, yaani jembamba kuliko karatasi ya daftari. Kwenye viganja na nyayo ni nene zaidi, ila mgongo wa mkono na kati ya vidole ni jembamba, ndo maana huwa panaanza hapo.

Paa hili lina vitu viwili vinavyolishika. Kuna kamba, ambazo ni protini zinazofunga seli moja na nyingine, na kuna mafuta yaliyojazwa katikati ya kila tabaka, kama ungepaka lami kila unapopandisha kuti. Karibu nusu ya hayo mafuta ni aina inayoitwa seramaidi, yaliyobaki ni kolesteroli na asidi za mafuta. Kolesteroli hiyo hiyo tunayoogopeshwa nayo kwenye chakula, hapa kwenye ngozi hatuwezi kuishi bila hiyo.

Sasa tofauti na paa la nyumba, hili linajengwa upya muda wote kutokea chini. Seli mpya zinazaliwa, zinapanda, zinakufa kwa utaratibu, zinakaa juu siku kadhaa halafu zinadondoka, safari nzima inachukua kama wiki 4 kwa mtu mzima. Ili hilo liwezekane lazima kuwe na makundi mawili ya vimeng'enya yanayofanya kazi kwa kupokezana. Kundi la kwanza ni wakataji. Wao wanakata zile kamba za juu ili seli kuukuu ziachie moja moja bila hata wewe kuona, wanaojulikana zaidi wanaitwa kalikrini. Kundi la pili ni wajenzi. Seli zikikaribia juu zinamwaga mafuta ambayo bado ni malighafi, hayajafaa kuziba, halafu wajenzi wanayakata na kuyageuza kuwa seramaidi na asidi za mafuta zilizo tayari. Mafuta yasipopita kwa wajenzi paa linavuja, haijalishi yamemwagwa mengi kiasi gani.

Kinachoamua nani afanye kazi na nani atulie, kwa sehemu kubwa, ni uchachu. Uchachu unapimwa kwa pH, kipimo kinachoanzia 0 mpaka 14, ndimu iko karibu na 2, mtindi uko kwenye 4 na kitu, maji safi 7, sabuni ya mche ya kufulia 9 hadi 10, zege mbichi inafika 12 au 13. Juu ya ngozi yenye afya ni kati ya 4.5 na 5.5, yaani ngozi yako ina uchachu wa kukaribiana na mtindi. Wajerumani wawili, Heinrich Schade na Alfred Marchionini, waliliandika hili mwaka 1928 na kuliita vazi la asidi. Zamani walidhani vazi hilo ni la kuua vijidudu tu. Baadaye ikaonekana kazi yake nyingine ni kubwa vile vile, ndo saa inayowapangia vimeng'enya zamu. Wajenzi wanapenda uchachu. Wakataji wao wanapenda pasipo na uchachu, karibu na 7 na kupanda juu. Kwa hiyo ngozi ikiwa na uchachu wake wa kawaida wajenzi wanajenga kwa nguvu na wakataji wanakata taratibu, kidogo kidogo, kwa adabu.

Halafu inakuja sabuni.

Kinachotokea kwenye beseni

Sabuni inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza kila mtu analijua, inaondoa mafuta, na haiwezi kutofautisha mafuta ya pilau kwenye sahani na mafuta yaliyojazwa kati ya tabaka za ngozi yako, inachukua yote. La pili halisemwi sana: inapandisha pH ya ngozi. Na kipimo hiki kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 5 ya ngozi mpaka 9 ya sabuni si tofauti ya nne, ni mara 10,000. Ukinawa mara moja na kukausha mikono ngozi inajirudisha yenyewe, inachukua muda mrefu kuliko watu wanavyofikiri lakini inarudi. Ukiwa unafua kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana hairudi, kwa sababu kabla haijarudi umeshachovya tena.

Katika hali hiyo wajenzi wanalala na wakataji wanachachamaa. Kamba ambazo hazikuwa zimefika wakati wa kukatwa zinakatwa, seli ambazo zilitakiwa kukaa siku kadhaa zaidi zinaachia, na mafuta mapya yanayomwagwa yanabaki malighafi. Kuna watafiti wa San Francisco, kundi la Peter Elias pamoja na Jean-Pierre Hachem, walijaribu kupandisha pH tu kwenye ngozi ya panya bila kuichubua kwa kitu kingine, na kizuizi kikaharibika. Mwaka 2005 wakaonesha jambo ambalo mimi lilinishtua nilipolisoma: pH ikikaa juu kwa muda mrefu, wakataji wanaanza kuwakata wajenzi wenyewe. Vimeng'enya navyo ni protini, wakataji kazi yao ni kukata protini, wakikosa wa kuwazuia wanamla mwenzao wa zamu. Hapo ndo utaelewa kwa nini mtu anaweza kuvumilia sabuni miezi sita, halafu ghafla ndani ya wiki moja mikono inaharibika yote na haitaki kupona hata akipumzika siku mbili. Ilikuwa inadaiwa muda wote huo, tena na wale wa kulipa deni wamepunguzwa.

Ngozi ina breki pia, kuna protini kazi yake ni kuwashika wakataji wasizidi. Wapo watoto wachache sana wanaozaliwa na hitilafu kwenye breki hiyo, ugonjwa unaitwa Netherton, na ngozi yao inakuwa nyekundu inabanduka mwili mzima tangu siku za kwanza, bila sabuni, bila kugusa chochote. Ukitaka kujua wakataji wana nguvu kiasi gani wakiachiwa, ni hapo.

Kuna kitu kinawachanganya watu hapa. Kama wakataji wamezidi, mbona mikono ya mfuaji ina magamba meupe yaliyong'ang'ania? Si yangedondoka? Jibu ni kwamba vimeng'enya vinahitaji maji ili vifanye kazi. Juu kabisa, pale ngozi imekauka baada ya kupoteza mafuta yanayoshika maji, wakataji wanasimama, kamba hazikatwi vizuri, na seli badala ya kudondoka moja moja zinabaki zimeshikana mafungu mafungu, ndo yale magamba. Chini kidogo kwenye unyevu wanakata kupita kiasi. Kwa hiyo ukiyasugua magamba kwa jiwe unafungua njia ya kwenda sehemu ambayo tayari imedhoofika, tafadhali usifanye hivyo.

Na muwasho na moto unatoka wapi? Seli za ngozi huwa zina ujumbe wa hatari zimeuweka akiba ndani yake, kama kengele ambayo imeshatundikwa inasubiri kugongwa tu. Seli ikipasuka ujumbe unamwagika. Ujumbe mwingine umehifadhiwa ukiwa umefungwa na unahitaji kimeng'enya kuukata ili uamke, na baadhi ya wale wakataji waliochachamaa wanaweza kuukata. Wakati huo huo kimeng'enya kingine kinachomoa mafuta fulani kwenye utando wa seli, kingine kinayapokea na kutengeneza prostaglandini, hiyo ndo inayotanua mishipa ya damu, joto, uvimbe, maumivu. Ni njia ile ile ambayo diklofenaki na asprini zinaizuia ukiumwa mgongo. Wakataji pia wanabonyeza kitufe kilichopo kwenye seli za ngozi na kwenye mishipa ya fahamu, kitufe hicho kinaleta muwasho na papo hapo kinaiambia seli ipunguze kumwaga mafuta. Ngozi inavuja, inawasha, unajikuna, inavuja zaidi.

Nataka kusema kitu kuhusu ngozi yetu nyeusi hapa, maana picha nyingi kwenye intaneti zinaonesha mikono ya Wazungu ikiwa myekundu kama nyanya na watu wanajiangalia wanasema mimi sina wekundu basi si huo ugonjwa. Kwetu wekundu mara nyingi hauonekani hivyo. Unaona weusi uliokolea, au zambarau, au kijivu, ngozi inakuwa nene na mistari yake inakuwa mikubwa, na ikipona inaacha doa jeusi linalokaa miezi. Lile duara chini ya pete ya yule mama lilikuwa ni hilo hilo, sabuni inajificha chini ya pete haisuuzwi, inaendelea kufanya kazi hata akiwa amelala.

Vimeng'enya vya nje navyo vipo

Mpaka hapa nimesema vya kwako mwenyewe. Lakini kuna mahali vya nje vinakuja kusaidia uharibifu, na mfano mzuri kuliko yote ni nepi ya mtoto. Mkojo peke yake si mkali sana. Kinyesi peke yake kina vimeng'enya vya tumboni, vya kukata protini na vya kukata mafuta, ambavyo vikiwa kwenye uchachu vinatulia. Ila ukiviacha pamoja ndani ya pampasi usiku kucha, bakteria wa kwenye kinyesi wana kimeng'enya kinachoigeuza yurea ya mkojo kuwa amonia, ndo ile harufu inayokupiga asubuhi ukifungua. Amonia inapandisha pH, vimeng'enya vya kinyesi vinaamka, na vinaanza kumeng'enya ngozi ya mtoto kama vinavyomeng'enya uji. Mtoto mchanga hali yake ni mbaya zaidi kwa kuwa anazaliwa na ngozi ambayo bado haijapata uchachu wake, inaupata taratibu ndani ya wiki za mwanzo. Kwa hiyo mama unapobadilisha nepi mapema, ukaosha kwa maji, ukakausha, ukampaka mafuta ya mgando au krimu ya zinki na kumwacha dakika chache akae wazi, unakata huo mnyororo katikati. Kidokezo kimoja: hii ya nepi mara nyingi inashika sehemu zilizojitokeza nje na kuacha mikunjo, fangasi wao wanapenda kuingia ndani ya mikunjo kabisa.

Wanaomenya mananasi siku nzima na wanaogusa utomvu wa papai bichi wanajua vidole vinavyokuwa, ni jambo la aina hiyo, vimeng'enya vinavyolainisha nyama haviulizi ni nyama ya nani.

Na yupo yule mdudu mwembamba mweusi na mwekundu ambaye anajulikana kama inzi wa Nairobi, ingawa si inzi, ni jamii ya mbawakawa. Mvua zikizidi anajaa kwenye taa za nyumba. Watu wanasema amenikojolea au ameniuma. Haumi. Ukimponda juu ya ngozi damu yake ina sumu iitwayo pederini inayosimamisha seli zisitengeneze protini, na siku moja au mbili baadaye unaamka na mstari unaowaka kama wa maji ya moto, ukiwa kwenye kiwiko unapiga chapa pande zote mbili za mkunjo. Wanaoangalia ngozi hiyo kwenye hadubini wanaona seli zimeachana, kamba zimekatika, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba seli zilizoumia zimeachilia vimeng'enya vyake vya kukata. Mdudu ni wa nje ila visu ni vya ndani. Ukimwona mpulize au mpandishe kwenye karatasi, usimpige, na kama umeshamponda osha hapo hapo kwa maji na sabuni.

Yale tunayoambiana

Kwa kuwa nimetaja vimeng'enya na sabuni pamoja, kuna hofu moja lazima niiguse. Sabuni nyingi za unga za kufulia siku hizi zina vimeng'enya vya kuondoa madoa ya damu na chakula, na watu wakisikia hivyo wanasema ndo hivyo vinavyotula. Hofu hii ina historia. Mwaka 1969 iliripotiwa Uingereza kuwa wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni waliokuwa wanavuta vumbi la vimeng'enya walipata matatizo ya kifua kama pumu, kweli kabisa, na baada ya hapo viwanda vikaanza kuvifungia ndani ya chembechembe ili visipae. Lakini hilo lilikuwa la mapafu na la kiwandani. Kwa mfuaji wa nyumbani kinachoumiza mikono kwa kiasi kikubwa ni vile viondoa mafuta na magadi ya kwenye unga, vimeng'enya vya sabuni havijaonekana kuwa ndo chanzo.

Mwingine atasoma haya ya uchachu na kusema basi nijipake ndimu. Hapana! Ndimu iko kwenye 2, ngozi haitaki kuchachuka mpaka huko, kwenye mpasuko itakuunguza, na ukitoka juani na maji ya ndimu kwenye ngozi unaweza kupata malengelenge na madoa meusi kwa sababu ndimu ina kemikali inayoamshwa na mwanga wa jua. Uchachu mzuri ngozi inautengeneza yenyewe, tena kwa kutumia vimeng'enya vyake, ikiachwa.

Sanitaiza nayo ilisingiziwa sana mwaka 2020 tulipokuwa na ndoo za kunawia kila mlango. Mtu mwenye mikono iliyopasuka akipaka sanitaiza anaruka kwa uchungu, anaikataa, anarudi kwenye sabuni ambayo haichomi. Kuchoma ni kwa sababu spiriti imekuta mpasuko, mpasuko ulishakuwepo. Kwa ngozi isiyo na mipasuko, sanitaiza yenye gliserini haiumizi sana kama kunawa sabuni mara nyingi, haivurugi pH kama sabuni na haiyasuuzi mafuta kwenda na maji. Mikono ikiwa na uchafu wa kuonekana hapo lazima maji na sabuni.

Glavu zinasaidia, ila ukizivaa saa nzima na jasho limejaa ndani unakuwa umeiloweka ngozi kwa namna nyingine. Ujerumani kwa miaka mingi walikuwa wanaihesabu kazi kuwa kazi ya majimaji kama mikono inakaa kwenye maji au ndani ya glavu zisizopitisha hewa zaidi ya saa 2 kwa siku, unaona glavu nazo ziliwekwa kwenye hesabu. Vaa ya pamba ndani kama unayo, na uzivue mara kwa mara.

Kuhusu sabuni ya maji ya kutengeneza mtaani sitaki kuwaharibia watu biashara, wengi wanaitengeneza vizuri. Lakini anayechanganya salfoniki, ambayo ni asidi, na kostiki soda kwa kukadiria na jicho anaweza kuacha kostiki imezidi, na hiyo si sabuni tena. Karatasi za kupimia pH zinauzwa kwenye maduka ya kemikali, mtengenezaji mzuri anapima kila pipa.

Na ile tyubu ya dawa tatu. Mara nyingi mojawapo ni steroidi kali. Inatuliza haraka, ni kweli, kwa sababu inazima kengele. Ila ikipakwa kwa muda mrefu bila usimamizi inapunguza utengenezaji wa yale mafuta ya kati ya tabaka, ngozi inakuwa nyembamba, na ukiacha inalipuka upya. Daktari anaweza kukuandikia steroidi kwa siku zilizohesabiwa na ikawa sahihi kabisa, shida ni kujiandikia mwenyewe kwa miezi. Wanaotumia mkorogo ndo kabisa, wanapaka vitu vya kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, na kimojawapo, haidrokwinoni, chenyewe kinaibabua ngozi.

Sasa yule mama nilimwambia nini. Vua pete kabla ya kugusa maji, na ioshe peke yake. Unga wa sabuni uuyeyushe kwa mti au kikombe, usiuchote kwa mkono, usikoroge klorini kwa mkono mtupu hata mara moja. Maji ya moto yanayeyusha mafuta ya ngozi haraka kuliko ya vuguvugu. Ukimaliza suuza kati ya vidole mpaka utelezi uishe, kausha kwa kugandamiza kitambaa, na hapo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu paka mafuta ya mgando, ya kawaida tu yasiyo na manukato. Mafuta ya mgando yanajipenyeza kati ya tabaka za juu na kushikilia paa kwa muda wakati wajenzi wanarudi kazini, hayawazuii kujenga. Usiku paka kwa wingi na uvae soksi za pamba mikononi. Na kama inatoa usaha, ina malengelenge, imepanda usoni, au imepita wiki kadhaa bila nafuu, nenda kwa daktari wa ngozi akupime kama kuna aleji kweli, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Fundi wa zege kwa mfano, saruji inambabua kwa ukali wake na papo hapo kromiamu iliyomo inaweza kumpa aleji ya kweli.

Lililokuwa gumu ni kupumzika. Huwezi kumwambia mtu anayekula kwa kufua aache kufua. Tulichofanya nyumbani kwetu na majirani wawili ni kumpangia siku, kwamba nguo zote za nyumba tatu zifuliwe siku tatu za wiki badala ya kugusa maji kidogo kidogo kila siku, na mashuka na majinzi tunayaloweka na kuyasuuza sisi wenyewe.

Juzi, wiki ya tano, alikuja kunionesha mikono. Mipasuko imeziba, michirizi ya vidole imeanza kurudi, doa la pete bado lipo. Akaniuliza kama sasa anaweza kurudia kufua kila siku. Ikabidi nimwambie bado, ngozi ikionekana imepona huko juu inabaki nyepesi kuumia kwa wiki kadhaa zaidi, wajenzi bado hawajatimia. Akaitazama pete, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaniomba ile chupa ya mafuta ya mgando aende nayo.